Ba, Ba, Ba, Da

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye mawe? Kifua kimepona, au bado unalikohoa lile vumbi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Nimekupigia simu mara nane tangu Jumatatu, hupokei. Meseji unajibu "sawa" tu, hata nilipokuuliza swali lisilojibika kwa sawa. Basi nimeshika kalamu, na dereva wa lori la kokoto ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi.

Ni habari za mwanao Chiriku. Unajua hospitali walisema masikio yake yote mawili yaliharibiwa na ile homa ya uti wa mgongo, ile iliyomkamata muda mfupi baada ya mama yake kufariki. Wakampa mashine za masikio, nami nikasema basi, yamekwisha. Hayakwisha. Mwezi wa tano huu anazivaa, na maneno bado yanamchanganya. Nikisema lete sahani, analeta sabuni. Nikisema funga mlango, anaukodolea macho mdomo wangu kama mtu anayesoma tangazo lililofutika nusu.

Sasa wanataka kumpima ubongo. Ubongo, mdogo wangu! Kofia yenye nyaya thelathini na mbili kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitano. Lazima baba mzazi atie saini, fomu nimeiambatanisha. Nilipoipokea, nesi akaniletea kiti. Niambie tufanye nini.

Dada yako

14 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, imechafuka vumbi kama mimi mwenyewe. Mimi mzima, nakula, nalala, natoboa miamba. Simu usiniulize, vilima vimetuzunguka, mtandao hauingii.

Fomu nimeiona na saini sitii. Mwanangu si redio ya kufunguliwa mgongo. Hivi wakikuta kitu kibaya humo kichwani, watakitoa? Watatuambia tu, halafu tutabaki nacho sisi. Na je, wakisema hana akili timamu? Karatasi ya hospitali ikishaandikwa hivyo, ni shule gani itampokea?

Mpe muda. Huenda ni ukaidi tu. Marehemu mama yake naye ulikuwa ukimwita, anachagua siku ya kuitika.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipokea, ukaidi wako nimeurudisha kwa dereva huyuhuyu.

Nilikwenda peke yangu kwa mtaalamu wa masikio, yule mama mwenye miwani ya kamba. Nikamwambia, "Kabla hujamvisha mtoto, nivishe mimi."

Akacheka. "Mama, hii si nguo ya kujaribisha dukani."

"Nivishe."

Akanivisha. Ni kitambaa cha kubana kama kofia ya kuogelea, chenye vitundu, na kila kitundu anatia jeli ya baridi. Haiumi, na hakuna umeme unaoingia. Nyaya zinasikiliza tu. Nilitoka nywele zimegandana kama nimemwagiwa uji.

Spika ikaanza: ba, ba, ba, ba, da. Ba, ba, ba, da. Kila "da" ilipojipenyeza, mstari wangu kwenye skrini uliruka. Wala sikuwa makini. Nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. "Ubongo wako umeshtuka wenyewe," mtaalamu akasema. "Sikio linafikisha sauti tu. Anayeamua kwamba hii ni ba na ile ni da ni ubongo, nao hujifunza hayo utotoni kwa kusikia maneno maelfu kwa maelfu. Mtoto aliyekaa miaka bila sauti za kutosha hakuyapata mazoezi hayo. Kwa Chiriku, 'baba' na 'dada' huenda ni neno moja."

"Na akichelewa zaidi?"

"Ile sehemu ya ubongo ya sauti haikai ikisubiri. Macho huanza kuitumia kwa kazi zao."

"Muda bado upo?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Upo. Lakini si wa kuchezea."

Nyaya hazinitishi tena. Sasa naogopa kalenda. Tia saini.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Fomu imo ndani, nimetia saini. Wino umevuja kidogo, samahani.

Kuna jambo lazima nilitoe. Likizo ile ya mwisho, kabla hatujajua habari za masikio, wenzangu watatu wa machimboni walipita nyumbani. Wewe ulikuwa sokoni. Chiriku akatoka mbio, akanikumbatia miguu, akasema, "Dada! Dada!" Wale jamaa wakaangua kicheko, mmoja akamwaga kikombe. Nikamwambia sema baba. Akasema dada. Sema baba. Dada. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu, nikaona ananidhihaki mbele ya watu. Nikampiga kofi.

Hakulia papo hapo. Alinitazama mdomo kwanza, kana kwamba labda kulikuwa na neno jingine la kusema ambalo lingenituliza. Uliporudi ukauliza shavu lina nini, nikasema ameanguka.

Ulipoandika kwamba kwake maneno hayo mawili ni neno moja, niliweka barua chini nikatoka nje. Nani anijibu, dada? Alikuwa ananiita baba, siyo? Kwa kadiri alivyoweza, alikuwa ananiita.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Habari ya kofi sitaijibu kwa barua. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Kipimo kimefanyika. Walimwekea katuni isiyo na sauti, akakaa kimya na kofia yake. Ba, ba, ba, da. Mimi macho kwenye skrini, kucha ndani ya viganja. Mstari haukuruka. Da zikapita, nyingi, na mstari unaendelea tu kama hakuna kilichotokea. Nilitaka kuipiga teke ile spika.

Mtaalamu anasema sauti yenyewe inafika. Tofauti ndiyo haionekani. Amekuta pia kile kipande cha mpira kinachoingia sikioni kimekuwa kidogo, mtoto amekua, sauti inavujia nje. Wanatengeneza vipya. Na ameanza mafunzo ya kusikia, mara tatu kwa wiki. Watampima tena baada ya miezi miwili. Mstari usiporuka tena, aliniambia, watafikiria njia nyingine, na hakuniambia ni ipi.

Akanitajia dalili za kuangalia. Asiyesikia vizuri hucheka wengine wakicheka. Hujibu ndiyo kwa kila kitu. Hukaa kwenye kona ili wote wawe mbele yake. Mtu mzima huongea mfululizo ili asiulizwe. Nikawa naitikia kwa kichwa, kichwa kikaganda.

Likizo ile nilikuuliza, "Chai au maji?" Ukasema, "Ndiyo." Tulikucheka. Ulikaa kwenye kona siku zote nne. Na dereva ananiambia simu zinashika vizuri sana hapo kambini kwenu.

Mdogo wangu, unasikia?

Dada yako

7 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni ya tatu tangu ile ya Machi. Dereva anaapa amekukabidhi zote.

Leo amekuja na uso mwingine. Anasema kuna mtu ameumia kwenye machimbo, mawe yameporomoka, wamempakia kwenye pikapu wakaondoka naye kasi. Hakuuona uso. Nimepiga simu ofisini kwenu, inaita mpaka inakatika. Chiriku ananivuta gauni, anataka kujua kwa nini nimesimama mlangoni na kiatu kimoja.

Sikugombezi tena kwa lolote. Niandikie "sawa" peke yake, kwa mkono wako, niione hati yako.

Dada yako

13 Mei

Dada,

Shikamoo. Ni mimi, ninaandika mwenyewe. Sijaumia.

Aliyeumia ni jirani yangu wa kitanda, yule Mrefu anayeimba vibaya. Nilikuwa natoboa. Ukuta wa mwamba juu yangu ulianza kupasuka. King'ora kililia, wenzangu wakapiga kelele. Mrefu anasema aliniita mara tatu. Mimi niliendelea na kazi. Akakimbia kunivuta, jiwe likamwangukia mkono. Umevunjika sehemu mbili. Ninaandika nikiwa kando ya kitanda chake hospitalini.

Ulichouliza ni kweli. Ni mwaka wa tatu. Ilianza kwa mlio kama wadudu, halafu simu zikawa watu wanaoongea ndani ya ndoo. Nilijifunza kutazama midomo. Niliogopa kutolewa kwenye mashine ya kutoboa, niliogopa kuitwa kiziwi na wale waliocheka kikombe kikamwagika. Nilipokukatalia fomu sikuwa nawaza nyaya. Niliogopa mkishajua mtu asiyesikia anaonekanaje, mtanigeukia mimi.

Jana nilimwambia msimamizi yote, mbele ya kitanda cha Mrefu. Nimeondolewa kwenye mashine. Mrefu aliniambia kitu, sikukishika. Akaandika kwenye boksi la dawa: "Ungesema tu, mjinga wewe."

Kesho daktari wa hapa ananipima masikio. Dada, naogopa kuliko siku ya mwamba.

Mdogo wako

1 Juni

Mdogo wangu,

Niliiona hati yako nikakaa sakafuni. Mwambie Mrefu kuna dada wa mtu huku anayemwombea huo mkono kila siku.

Jana tulirudi kwenye ile kofia. Mafunzo yamekuwa kazi: nafunika mdomo kwa kitabu, namwambia maneno, anakosea, anarusha kitabu, tunaanza upya. Sikuwa na matumaini. Nilikaa nikiipa skrini mgongo, sikutaka kuiona imelala tena.

Mtaalamu akanigusa bega. "Geuka."

Da ikapita. Mstari ukanyanyuka. Kidogo, na umechelewa kuliko wangu, lakini ulinyanyuka. Da nyingine, tena. Nikauliza mara tano kama si nzi aliyegusa waya. "Si nzi, mama." Ameonya tusishangilie mapema: sikio la kulia tu ndilo limeonyesha hivyo, la kushoto bado. Njia ni ndefu na huenda asiimalize yote. Nimefurahi kwa woga, kama mtu aliyebeba mayai.

Amekuwa msemaji. Kutwa nzima. Njoo.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mrefu ametolewa hospitali, mkono umefungwa, kuimba kumebaki kubaya vilevile. Ananiambia nina bahati simsikii vizuri.

Majibu yangu yametoka. Sauti nene ninazo. Zile nyembamba zimekwenda, na daktari ameniandikia kwamba zilizokwenda hazirudi. Mashine itasaidia kiasi. Nikamuuliza sauti nyembamba ni zipi. Akaandika: ndege, king'ora, simu ikiita, watoto.

Nimeitazama ile karatasi tangu asubuhi. Umeandika ni msemaji sasa, kutwa nzima, nami nakuja nyumbani na masikio yasiyoshika sauti za watoto. Naogopa atasimama mbele yangu aongee yote aliyoyapata kwa taabu hiyo, nami nione mdomo tu unacheza. Naogopa pia kwamba analikumbuka lile kofi, na naogopa kwamba amelisahau nami nitalazimika kumwambia.

Basi la Ijumaa linaondoka saa mbili asubuhi, tiketi nimeshakata. Akisema neno nisilishike, sitaitikia ndiyo. Nitapiga magoti nilingane naye, nimwambie baba hajasikia, rudia. Hata kama ni mara kumi.

Mdogo wako