Nchi Isiyopitika kwa Gari

Busunzu, Kibondo

Anisia rafiki yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako siiulizi. Naanza na habari ambayo nimeshindwa kukaa nayo peke yangu: mama yako yu hai. Alikuja hapa kwetu baada ya mavuno ya maharage, kwa miguu, akitokea Kitanga kule Kasulu. Alikuja kukutafuta wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ulitaka kukijua. Sisi wawili hatukukihitaji, wewe na Kirundi chako na mimi na Kiha changu tulielewana tangu mwanzo, lakini ulisema huko mbele utakuwa na kazi nacho. Ulikuwa umeshajua kushoto, kulia, mlima, mteremko, mto, na matusi uliyoyaokota gulioni.

Siku mliyokuja naikumbuka vizuri. Wewe na baba yako mlikuwa na sufuria na blanketi lililolowa, basi. Baba yangu akawapa kile kibanda tulichokuwa tunawekea mahindi. Baba yako alisema mliachana na mama yako mlipokuwa mnakimbia, na kwamba ng'ambo ya mpaka hakuna tena wa kumrudia. Wewe hukusema lolote, siku zikapita, mpaka mama yangu akawa anauliza kama huyu mtoto anasikia.

Mahindi yalipoanza kubeba tukapelekwa pamoja kuyalinda. Tulishinda juu ya dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, tukiwarushia nyani mawe. Nilikuwa naongea peke yangu kutwa nzima. Halafu mchana mmoja, bila mimi kukuuliza kitu, ukasema: "Uko penye jiwe jeupe. Njia ni mbili. Unashika ipi?"

Nilidhani umechanganyikiwa. Ukanieleza kwamba ni mchezo. Kuna nchi, igihugu ukaiita, na mwenye nchi ni wewe. Mimi ni mgeni ninayetafuta nyumba yako. Nitasema ninakokwenda, na wewe utaniambia ninachokiona.

Nikasema, "Nakwenda nyumbani kwako. Nimefika."

Ukanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mje. "Miguu yako umeiacha wapi?" ukaniuliza. "Rudi penye jiwe."

Nikaomba basi. Ukasema katika nchi ile hakuna basi, hakuna lori, hakuna gari la aina yoyote. Nikaomba baiskeli, ukanipa yenye pancha, nikaisukuma mlima mzima hadi nikaitupa mwenyewe. Nikaomba mtu wa kunielekeza. Ukanipa bibi muuza chumvi, naye akanidanganya kwa makusudi nikazama kwenye tope hadi kiunoni. Siku hiyo ulicheka. Mama alikuwa anapalilia jirani na dungu, akainua kichwa kuangalia ni nani anayecheka vile.

Basi nikajifunza kutembea. Nilijifunza kuuliza jua liko upande gani, maji yanatiririka kuelekea wapi, majani ya njiani yamelazwa na ng'ombe au na watu. Kwenye kila njia panda nilivunja kijiti ili nikirudi nijue nilikopita, na nikisahau kuvunja hukunikumbusha, uliniacha nipotee. Nikisema nasonga mbele ulikataa; ulitaka kujua nasonga juu ya nini, mawe au mchanga, na kama nimevaa kitu miguuni. Kupotea kwenyewe kulikuwa kupotea kweli. Nilikuwa nakaa juu ya dungu letu, mchana kweupe, paa la nyumba yetu naliona, na bado naogopa kwamba sitafika nyumbani. Nikienda kuteka maji nilikuwa naipitia nchi yako kichwani, kona kwa kona, na mara moja nilijikuta nimekipita kisima na ndoo yangu tupu.

Baada ya mlima kulikuwa na msitu, na baada ya msitu lile bwawa la mafunjo. Bwawa lilinishinda msimu wote. Mahindi tukavuna, tukapanda maharage, na mimi bado nazunguka ukingoni naulizia pa kukanyaga. Nilipolivuka, nikaona kilima, na juu yake moshi. Nikakuuliza ni moshi wa nani.

"Kesho," ukasema, ukashuka kwenye dungu.

Kesho yake hukuja shambani. Homa ilikushika asubuhi, na jua lilipofika katikati shingo yako ilikuwa haigeuki tena. Baba yako, baba yangu na majirani wakakata miti, wakafunga blanketi, wakakubeba kwenye machela hiyo kukupeleka hospitali, Kibondo mjini. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni. Jua lilikuumiza macho, wakakufunika uso kwa kanga ya mama, kwa hiyo ulikuwa huoni kitu.

Ukauliza kwa sauti ndogo, "Niko wapi?"

Hakuna aliyekujibu, wote walikuwa wanahema. Nikakujibu mimi. Nikasema tumeipita mikaratusi, sasa tunashuka, udongo ni mwekundu na una utelezi. Nikasema tumefika kwenye kijito, daraja ni la magogo, la kati limeoza, wanakanyaga pembeni. Ukauliza maji yanaelekea wapi. Nikasema kushoto. Ukalipokea hilo kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Baba yangu alikuwa anakubembeleza, anasema tumefika mwanangu, tumefika sasa hivi. Hukumwamini. Ukaniuliza mimi.

"Generoza, tumefika?"

Nikasema bado. Nilisema kweli, kwa sababu wewe kuhusu njia hukuwahi kunidanganya. Hata yule bibi wa chumvi ulikuwa umempa macho ya kukimbiakimbia ili nimshtukie mwenyewe.

"Sawa," ukasema, na ulilisema kwa Kiswahili.

Hukusema tena. Tulikuwa tunapanda kilima kinachofuata pale baba yako, aliyeshika upande wa kichwa, aliposimama bila kuwaambia wenzake, machela ikayumba. Kutoka hapo mji ulikuwa hauonekani.

Tukarudi na wewe. Ulizikwa nyuma ya migomba yetu, upande unaopata jua la asubuhi. Katekista aliomba, watu walikuwa wengi kuliko ambavyo ungedhani, kwa mtoto mgeni. Baba yako hakulia. Alikaa na sisi akifanya kila kazi aliyopewa, akila kile alichowekewa, na mtu akimsemesha aliitikia kwa kichwa. Malori yalipokuja kuwachukua wakimbizi kuwapeleka kwenye makazi mapya, mbali huko upande wa Tabora, alipanda na kukaa akiwa ameelekeza uso kule gari linakokwenda. Nilimpungia mkono. Sidhani kama aliniona.

Kisha ndipo akaja mama yako.

Anisia, wakati wote ule alikuwa Kitanga. Alivukia sehemu nyingine ya mpaka, akapokelewa na watu wa huko, akawa anawalimia kwa chakula, akiamini kwamba nyote mmekufa. Mvua iliyotunyeshea sisi juu ya dungu nadhani ilimnyeshea na yeye. Unamkumbuka Mzee Athumani, mwenye duka Kasulu, anayezunguka na kofia yake kununua maharage, na ambaye hawezi kukaa kitako bila kuwataja babu zake wa pwani? Alikuwa amekuona hapa kwetu. Alipopita Kitanga na kumsikia mama mmoja akitaja majina ya watu wake, akamwambia kwamba Busunzu kuna mtu na binti yake, na binti anaitwa Anisia. Hakuwa na habari kwamba ulikwisha kufa. Mama yako akaomba kitambaa, akakushonea gauni kwa kukisia umekua kiasi gani, akaanza safari.

Aliingia uani anaita jina lako. Mama yangu alikuwa anatwanga. Aliuacha mchi, akaenda kumshika mikono yote miwili, na hakuhitaji kusema. Wakakaa chini hapohapo, penye pumba. Mimi nilikuwa mlangoni na nilishindwa kutoka.

Baadaye akaomba nimpeleke kaburini. Tulikuwa wawili tu. Alitaka kujua ulikuwa unaongea nini siku zile, kwa sababu kwao ulikuwa mtoto wa maneno mengi. Nikamweleza mchezo wetu. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba ile nchi ni kwenu, kwamba kilima chenye moshi ndipo mlipokuwa mkiishi, nikamsimulia kwa bidii kama mtu anayerudisha kitu kilichopotea. Jiwe jeupe, mlima, msitu, mafunjo. Alisikiliza mpaka mwisho huku anang'oa majani juu ya kaburi.

"Hapo si kwetu," alisema.

Akanieleza kwamba nyumba yenu ilikuwa kwenye tambarare, kando kabisa ya barabara kubwa, kanisa mnaliona mkiwa mlangoni. Hata mlevi asingepotea akija kwenu. Akaendelea kwa sauti ileile, bila kuacha kung'oa majani.

"Walikuja kwa gari, mwanangu. Tulisikia mlango wa gari unafungwa, na wao wameshaingia ndani. Deo wakamchukua na shati lake la shule."

Deo alikuwa kaka yako. Mimi hukuwahi kunitajia jina lake.

Tope, baiskeli mbovu, bibi mwongo, bwawa lililonishinda msimu mzima: nilidhani unanichezea, na wakati mwingine nilikukasirikia. Kumbe ulikuwa unaijenga nyumba ambayo mtu hawezi kuifikia upesi. Ulikuwa unapanda miti mbele yake na kumwaga maji mbele yake, kila siku kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa wa kujaribia.

"Na wewe," mama yako akaniuliza, "ulifika kwenye hiyo nyumba?"

Nikamwambia sikufika, niliishia kuona moshi.

"Basi ni vizuri," alisema.

Gauni alinipa mimi. Linanibana mabegani, maana alikukisia mdogo kuliko ulivyokuwa, lakini nalivaa hivyohivyo Jumapili. Alikaa na sisi akimsaidia mama shambani, na kila asubuhi kabla ya jembe alipita kwanza kwako. Mvua zilipoanza alisema anaenda kumtafuta baba yako kwenye hayo makazi. Baba alimwandalia unga, na mimi nikamsindikiza hadi barabarani ambapo alipata lori. Alisitasita kulipanda. Alishika ubao wa nyuma akausikiliza ule mngurumo, na dereva akawa anapiga honi. Mwishowe alipanda. Kama walionana, habari haijatufikia. Namuuliza Mzee Athumani kila akija, naye anasema bado.

Na sisi tunahama, Anisia. Wote wa huku tumeambiwa tukakae pamoja kando ya barabara, kwenye kijiji kipya cha nyumba zilizopangwa mstari. Baba ameshaezua nusu ya paa, tunalala upande uliobaki. Bwana aliyekuja kutueleza alisema tutakuwa na shule, na zahanati, na gari la kwenda mjini litakuwa linapita mlangoni. Mama akasema, kama lingekuwepo siku ile. Hakumalizia, akaingia ndani. Nimeliwaza sana neno lake. Wewe hukutaka gari katika nchi yako na sababu naijua sasa, na bado ningelisimamisha gari lolote, la mtu yeyote, siku ile kwenye daraja la magogo. Sijui ungeniambia nini.

Migomba tunaiacha, na kibanda chenu kimeshaanguka upande. Wewe unabaki. Mama amelia juu ya hilo zaidi ya alivyolilia nyumba.

Nakuahidi nitakuwa nakuja kila kiangazi kinapoisha, nipalilie, nirudishe mawe pale nguruwe pori wanapofukua. Nikiolewa mbali, mdogo wangu Laurensia nitamleta mapema, nitamwonyesha mahali mara nyingi mpaka aweze kuja bila mimi. Na baba yako au mama yako akirudi siku yoyote, kule kwenye kijiji kipya atamkuta mtu wa kumleta.

Kwenu mkiagana mnasema nagasaga. Siku ile sikukuambia, nilikuwa naangalia njia.

Nagasaga, Anisia.

Ni mimi,
Generoza