Baba Mkwe Kwenye Kikundi cha Kuacha Pombe

Melki, nimekwisha!

Si nilikimbilia kikundi cha kuacha pombe huko Bugene ili watu wa Rugera wasinione? Wa kwanza kusimama ni mzee Cleophace. Baba yake Joviana! Yule yule aliyeikataa posa yangu: "Binti yangu haolewi na mlevi."

Eti, "Naitwa Cleophace, pombe imenishinda." Halafu akaniona.

Imemshinda YEYE, Melki!

Nikatoa shikamoo, nitafanyaje? Akanivuta nje. "Yustus, hapa hatujaonana. Jumapili walete wazee wako, posa nimeikubali. Ila waje na rubisi, pombe ya ndizi, ukoo wangu haukai kikao na midomo mikavu."

Nikauliza, "Na sisi wawili je, baba?"

"Sisi tutaonja tu, tuhakikishe imeiva."