Ngoma ya Namba Tasa

Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, usisumbuke.

Nina hasira nawe. Wazee wa ukoo wanataka nirithi jina lako, maana mimi ndiye mtoto wa dada yako, nami nimekataa. Mtu amejijengea karakana yake Kihonda kwa mikono miwili, leo aje aitwe jina la mwalimu wa hesabu aliyekufa akitafuta ngoma isiyoonekana?

Na ile ngoma yako inayoonekana wameipasua. Msibani kwako binamu zangu waliisogeza motoni ngozi ikaze, wakaenda kula pilau. Tukasikia paa!

Unakumbuka kibarazani kwako Mafiga? Ulinyunyiza unga juu ya ngozi ile, ukaigonga, unga ukakimbia, ukajipanga mistari. "Unaona, mpwa? Ngoma haitoi sauti yoyote tu. Ina zake." Kisha ukaanza zile namba zako: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, namba tasa zinazotokea kama zimetupwa ovyo. Ukasema nyuma yake kuna namba nyingine, zimejificha, ndizo zinazopanga jinsi hizi tasa zinavyotawanyika. Wataalamu wanaamini zote zimesimama kwenye mstari mmoja, ila hakuna aliyethibitisha. "Hizo zilizojificha zinafanana na sauti za ngoma, mpwa. Tukiipata ngoma yenyewe, mstari umethibitika."

Nikakwambia, "Mjomba, mimi nagonga tangi nikajua maji yameishia wapi. Wewe unagonga tangi gani?"

Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Sasa hilo ndilo swali, mtundu we!"

Jumamosi nimeiwamba ngoma yako ngozi mpya ya mbuzi. Nikanyunyiza unga, nikagonga. Mistari si ile. Nikabaki nimekaa, unga magotini. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru, umeifuta milima yote, na mvua ikaanza kugonga kitu kikubwa huko ndani nisichokiona. Nikasikiliza kama mtu aliyelala macho wazi. Nikakuona unapanda ule mteremko wa migomba, unainama, unaweka sikio ardhini, unaninyooshea mkono ninyamaze.

Nikanyamaza, Mjomba. Gogo la ngoma ni lilelile. Ngozi ndiyo hubadilishwa.

Basi nimewatumia wazee salamu kwamba nakuja kulipokea jina. Lala salama. Siahidi kuipata ile ngoma isiyoonekana, hesabu zile zimenizidi kimo. Naahidi hivi: wakiniita Kibwana nitaitika, na wakinicheka, "Ngoma yako iko wapi?" nitawaambia nyamazeni kwanza, tusikilize.

Mpwa wako,
Rajabu, kwa siku chache zilizobaki