Jicho la Baba

Bonde la San Luis, Colorado
4 Machi

Mwanangu Orlinda,

Hujambo huko Denver? Mimi mzima, ila nimekuwa gumzo la mji. Juzi nikirudisha basi la shule, tupu, nilivuka mstari wa kati. Tafoya akanisimamisha, yule askari niliyembeba basini tangu chekechea.

"Mzee Eliseo, fuata kidole changu mpaka puani."

"Umekinawa lakini?"

Hakucheka. Jicho langu la kushoto likagoma kugeukia puani, akasema hiyo ni dalili ya bangi. Wamenitoa damu, majibu bado. Basi la shule wamelichukua. Kanisani wananitazama kwa pembeni.

Baba yako

Denver
9 Machi

Shikamoo Baba,

Huku sijambo. Tafoya hakukosea kuliona jicho. Hapa maabara tunawapima wavuta bangi waliojitolea, na macho ya wengi hukataa kukutana puani. Lakini wewe? Ulikuwa ukiyakutanisha mezani ili nicheke nimalize maharage, mpaka Mama, Mungu amrehemu, anakutishia na mwiko: "Eliseo, yatabaki hivyohivyo." Wala sikuulizi kama umevuta. Nakuuliza: kichwa kinauma? Unaona vitu viwili viwili? Usisubiri majibu ya damu. Nenda hospitali kesho.

Binti yako

Bonde la San Luis
20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kwenye damu hawakukuta kitu. Tafoya alikuja na sufuria ya mchuzi wa pilipili za kijani, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Nikamwambia, "Ingia, kijana. Usingenisimamisha, nisingejua." Maana hospitali wameona uvimbe nyuma ya jicho. Kichwa kinaniuma tangu Krismasi, nikawa nasingizia baridi. Wananipasua Jumatatu. Njoo. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama yako aondoke.

Baba yako

Bonde la San Luis
2 Septemba

Mwanangu,

U hali gani tangu urudi kazini? Mshono umepona. Jicho limebaki na ukungu, na leseni ya basi hawanirudishii. Nililia siku moja, yakaisha. Ila shule imeniomba niwe nakaa na watoto wadogo ndani ya basi. Leo asubuhi dereva mpya, binti wa Archuleta, alinipigia honi mlangoni. Nimekaa kiti cha nyuma ya dereva, kile chako cha enzi za shule. Kumbe ukiwa pale unaona jua lote likichomoza nyuma ya mlima Blanca.

Miaka yote ile, nikikuona kwenye kioo, nilidhani unanitazama mimi.

Baba yako