Kioo Kilale Saa Sita

Karakana ya Vioo,
Chumba cha Kupimia,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo na mapacha hawajambo? Kifua bado kinakusumbua kwenye baridi ya huko? Sisi huku wazima. Mama ana goti lake tu, mdomo hauna ugonjwa wowote. Mimi mgongo unalalamika, lakini tumeshazoeana.

Jarida ulilomtumia Mama limefika. Amekata picha yako akaibandika kwenye jokofu: wewe na koti jeupe, nyuma yako kioo cha darubini kikubwa kuliko sebule yetu. Amemwonyesha kila anayeingia, hata msoma mita. Nami nilifurahi, usidhani nina kijicho. Mdogo wangu anatengeneza jicho la kutafuta uhai kwenye sayari za mbali! Nilijigamba karakana nzima mpaka Bwana Kipimo, msimamizi wetu, akaniomba nimpumzishe.

Kisha nikasoma. Umesema umebuni njia mpya, na umeipa jina "kulaza kioo".

Hilo neno ni langu. Ulikuwa hujui hata kushika kitambaa cha kung'arishia nilipokukataza kupima kioo kilichotoka mikononi mwetu, kwa kuwa joto letu hukivimbisha. Nilikwambia tukilaze kwanza kama mtoto, tutoke kwa kunyata. Ulicheka ukashika mbavu. Siku hizo nilimfukuza hata mfagiaji kwa kosa la kuwa na joto la mwili kama binadamu wengine.

Mama, ambaye hatofautishi darubini na hadubini, aliniuliza nilipomsomea: "Kulaza? Mbona hilo ni neno lako?" Nikamjibu tulilitunga pamoja. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako.

Lakini neno ningelimeza. Kubwa ni daftari, lile la jalada la kijani, miaka kumi na moja ya mwandiko wangu. Uliliazima kwa wiki moja, ukasafiri nalo, ukaniandikia kwamba limepotea na begi uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyekupa pole! Kurasa mbili nzima za kukubembeleza usijilaumu. Umenisaliti, na sina neno laini zaidi la kutumia. Ungeomba ningekupa, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimejuaje kwamba unalo? Umesema kioo kinalazwa kwa muda wa saa sita, halafu kinapimwa. Mimi niliandika "Kioo kilale saa sita", kwa haraka, mikono imejaa ungaunga wa kusagia. Hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa hivyo. Nilikusudia saa sita ya mchana, ewe msomi. Kinalazwa mchana wa leo, kinaamshwa mchana wa kesho.

Siku tatu sikukuandikia. Jarida linasema mtakipima mwisho wa mwezi, nikasema acha aumbuke mbele ya wakubwa zake. Nilifurahia wazo hilo hata jikoni, nikiosha vyombo.

Ila kioo hakijanikosea kitu. Ukikipima kingali na joto, kitakuonyesha kilima kisichokuwepo. Utakisaga kilima hicho, na kioo kikipoa patabaki shimo, na kioo hakina kiraka. Hapo nuru ya nyota itamwagika ovyo na kuifunika sayari iliyo kando yake. Pengine kuna kitu kinapumua huko, nasi tutaapa hakuna mtu, kwa sababu wewe ulishindwa kuniuliza.

Basi kilaze siku nzima. Zima taa, funga mlango, mfukuze hata mkubwa wako.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anauliza picha za mapacha. Bwana Kipimo anakupongeza, sijamwambia kitu. Nisalimie mkeo, nibusie wanangu. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na mkono wako mwenyewe.

Usinijibu kwa maneno. Nitumie daftari langu.

Wako akupendaye, leo kwa shida,

Dada yako.

Tena: ukilifungua kabla ya kulifunga kwenye bahasha, tazama ndani ya jalada la nyuma. Niliandika humo, mwaka ule ulipoanza kazi hapa karakana, kwamba siku nikistaafu daftari hili ni lako.