Nimepewa Kazi ya Kujikamata Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke mpaka nimalize. Mimi ni fundi rangi. Mjini kwetu kuna hospitali kongwe ya wazazi, ilishafungwa miaka mingi, ina veranda pana na msitu umeizunguka pande zote, na mama mkwe wangu alikuwa mkunga hapo kwa miaka thelathini, hata mke wangu alizaliwa humo, sasa kuna kampuni inataka kuibomoa na kufyeka msitu ijenge maghala, na mama mkwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya wananchi wanaopinga, nami ni mjumbe, tena nilikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Shida ni kwamba kampuni hiyohiyo ilinipa kibarua cha kupiga alama nyekundu kwenye miti ya kukatwa, na mimi nilikuwa nimekaa miezi miwili bila kazi, nikajidanganya kwamba brashi si shoka, nikaanza kupaka, hadi leo miti mia moja na kumi na miwili, kwa kufuata ramani waliyonipa, kumbe alama zinafika mpaka kwenye ngazi za veranda, ilhali kampuni inawaapia watu kwamba haitagusa hata mti mmoja karibu na jengo. Kamati ilipoziona alama ikaunda kikosi cha doria kumkamata mpakaji, na mama mkwe akasimama mbele ya watu wote akasema, “Kiongozi awe mkwe wangu. Huyu rangi anaijua.” Watu wakapiga makofi.

Basi wiki ya pili hii nina filimbi shingoni na brashi ndani ya koti, asubuhi napaka, mchana nawaongoza wenzangu kumsaka mpakaji, na juzi niliwazungusha upande wa mabondeni kusudi, mzee mmoja akateguka mguu. Kinachoniumiza zaidi ni mapenzi ya mama mkwe. Nikienda kula kwake hakubali mtu mwingine anitilie maji ya kunawa, anaishika mikono yangu, anaitazama, na Jumapili kanipa kibrashi cha kucha akaniambia, “Sugua, mwanangu, usione haya.” Mkwe gani anapendwa hivi? Alhamisi baraza la mji linasikiliza pande zote mbili. Nikisema ukweli nitampoteza mama, nikinyamaza msitu unakwenda na hospitali yake. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Filimbi

JIBU

Fundi, umeomba nisicheke mpaka umalize. Umemaliza, nimecheka. Sasa tuongee.

Kukaa bila kazi ni mateso, na hilo silichezei. Lakini kuwazungusha watu wazima porini wakutafute huku unawaongoza, huo ni utovu wa adabu, na yule mzee kamwombe radhi leo, ukamfanyie kazi zake za nyumbani mpaka apone.

Halafu soma tena barua yako. Mwanamke huyu kwa miaka thelathini amekagua mikono ya watu kabla hawajamgusa mtoto mchanga. Wewe unadhani kucha zako nyekundu zimempita? Kibrashi kile si zawadi, baba. Na hakukuchagua kiongozi kwa kukosea. Alikuweka mahali ambapo hutaweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Anakusubiri useme mwenyewe. Wakunga wanajua kusubiri, ila na wao huchoka.

Fanya hivi. Leo iambie kampuni umeacha kazi na uwarudishie mkebe wao wa rangi. Kesho nenda kwa mama mkwe peke yako, bila kunawa, weka mikono mezani na ramani kando yake, ueleze yote kabla hajauliza. Atakufokea, na utanyamaza. Mkeo naye asikie kutoka kwako, asisikie sokoni. Alhamisi simama mbele ya baraza uonyeshe ramani na useme ni nani alikupa, umepaka miti mingapi, na mingapi iko kwenye ngazi za veranda. Mwenyekiti, watu wa kampuni wanaweza kumwita mzushi. Mtu waliyemwajiri wenyewe watamwitaje?

Na filimbi uende nayo imening'inia shingoni. Kamati ilikutuma umlete mpakaji, na siku hiyo utakuwa umemleta.