Somo wa Rahila

Malindi, Unguja, 4 Agosti 2024

Mundhir mwanangu,

Salamu nyingi. Mie mzima, goti tu linanigomea ngazi. Watoto na mama yao hawajambo?

Umeniandikia: "Kampuni yetu haina mkubwa, shangazi. Kila mtu ni mwalimu wa mwenzake." Maneno matamu, na ya uongo. Wakiwa wote walimu, hakuna aliyefundisha. Usinambie napigania mabosi. Nimewatumikia hotelini Kendwa miaka kumi na moja, nawajua. Napigania jina. Bibi harusi haachiwi ukoo mzima umfunde. Hupewa somo mmoja, na mambo yakiharibika tunajua wa kumuuliza. Somo si bosi wa mtu.

Rahila kaacha kulima mwani, kaja kwenu kupika sabuni, na kostiki, yale magadi makali ya sabuni, inakula nyama ya mtu. Mpeni somo. Mmoja.

Shangazi yako, Sheikha

Jambiani, 11 Agosti

Shikamoo shangazi. Sisi wazima, goti tunaliombea dua.

Barua yako niliisoma mkekani, sote saba tukiwapo, na Rahila, maana hapa hapana barua ya mtu mmoja. Hafiz akacheka: "Bi Sheikha anataka kutuoza!" Tukajadili mpaka adhuhuri. Kila mmoja akamwachia mwenzake kwa heshima. Mwisho tukakubaliana: somo wake ni sisi sote. Rahila mwenyewe alinyoosha mkono.

Wewe ndiye uliyetufundisha sabuni, kisha ukasusa. Ungelikuwapo, ungemfundisha wewe.

Mwanao, Mundhir

Malindi, 1 Septemba

Mundhir, u mzima? Wiki tatu kimya. Rahila anafundishwa na nani? Nijibu kwa jina.

Shangazi

Jambiani, 20 Septemba

Shikamoo shangazi.

Jumanne Rahila alikuwa peke yake jikoni. Badala ya kutia kostiki ndani ya maji, alimimina maji juu ya kostiki. Ikachemka, ikamrukia usoni. Bakar alidhani Tahiya kamwonya. Tahiya alidhani mimi. Daktari anasema macho yote mawili hayarudi.

Tumekutana. Tumekubaliana kosa ni letu sote.

Mwanao

Malindi, 6 Oktoba

Mundhir, na nyinyi sita mnaosomewa hapo mkekani,

Leo sikuulizeni hali.

Mlikwenda hospitali nyote kwa pamoja, na kikapu cha matunda. Rahila, kafungwa macho, akauliza: "Nani kaja?" Mkamjibu: "Sote." Akageukia ukutani. Kanihadithia mwenyewe.

Mie nshakwenda, peke yangu. Nilimwambia: "Ni Sheikha. Nilikuwa najua kazi, nikasusa kwa kiburi, sikuja kukufundisha." Hakunisamehe. Alinishika mkono, akapapasa pete, akauachia.

Macho hayarudi, na Rahila Jambiani harudi. Basi msinitumie maazimio. Hafiz, inuka. Bakar, inuka. Tahiya. Mundhir. Na nyinyi watatu mliobaki. Nendeni mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Akiuliza nani kaja, taja jina lako, kisha mwambie lile ulilokuwa ukilijua na hukumwambia.

Sheikha